Nuwa Mbaguta: Waziri mkuu aliyesimamia kodi na barabara za Ankole

Malori ya mizigo kutoka Mombasa kwenda Kigali, Bujumbura na mashariki ya Kongo hupita Mbarara. Wachuuzi wa mahindi na maharage nao huingia mjini humo wakitokea kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Suala la nani alipie njia hizo lina zaidi ya miaka mia moja, na jina lisilokwepeka katika historia yake ni la Nuwa Mbaguta, Enganzi, yaani waziri mkuu, wa Ankole.

Mbaguta alizaliwa miaka ya 1860 katika ukoo wa Bashambo wa Mpororo, akakulia katika ikulu ya Mugabe Ntare V. Mwaka 1894 ndiye aliyemwakilisha mfalme huyo kutia saini mkataba na Waingereza. Ntare alifariki 1895 na nafasi yake ikachukuliwa na Kahaya, aliyekuwa bado kijana. Tangu hapo shughuli nyingi za utawala zilikuwa mikononi mwa Enganzi.

Waingereza walipofungua kituo chao Mbarara mwishoni mwa miaka ya 1890, hapakuwa na hazina ya kujengea mji. Mkataba wa Ankole wa 1901 ulileta kodi ya nyumba. Kwa barabara na majengo ya utawala, nguvu kazi ya wananchi ilitumika: kila mwanamume mwenye afya alidaiwa siku za kazi bila malipo kila mwaka, utaratibu uliojulikana Uganda kwa jina la luwalo. Machifu ndio waliosimamia, na mkubwa wa machifu alikuwa Mbaguta.

Kwa mtazamo wa kiuchumi utaratibu huo ulikuwa na faida moja kubwa: Ankole haikuhitaji kukopa. Njia ilifunguliwa kwa jembe na kikapu, na aliyeilima aliiona kwa macho yake. Mbaguta aliunga mkono pia shule na misheni, na alibatizwa pamoja na Kahaya mwaka 1902.

Lakini hesabu ilikuwa na upande wa pili. Asiye na ng'ombe wala mazao ya kuuza alilazimika kutafuta fedha ya kodi mbali. Vijana wengi walitembea kwa miguu kwenda kulima pamba na kahawa Buganda, pamoja na wenzao kutoka Ruanda-Urundi waliopita Ankole. Waliolipa hawakuulizwa barabara ipite wapi. Mwaka 1905, baada ya afisa wa Kiingereza Galt kuuawa Ibanda, Ankole ilitozwa faini ya ng'ombe na mkataba ukasimamishwa hadi 1912. Mbaguta alibaki madarakani hadi 1938. Alifariki 1944.

Leo njia za kupata fedha zimebadilika. Kodi ya kichwa ilifutwa Uganda mwaka 2005, na manispaa zikapoteza chanzo kikubwa cha mapato. Kuanzia 2013 Mbarara ilikuwa miongoni mwa manispaa 14 zilizonufaika na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 uliochukuliwa na serikali kuu kwa miundombinu ya miji. Barabara ya mchepuko inayozunguka mji ilijengwa kwa fedha za Ulaya. Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ikawa jiji.

Mkopo huleta lami haraka kuliko jembe, na hakuna anayekimbilia Buganda kwa kuogopa kodi. Hata hivyo deni hulipwa na hazina ya taifa, ambayo hujazwa pia na ushuru wa mafuta anaoulipa kila mwenye lori. Leseni na ushuru wa soko huongezewa juu yake. Tofauti na enzi za Mbaguta, mlipaji wa leo ana diwani na ana haki ya kuiona bajeti ya jiji kabla haijapitishwa. Mfanyabiashara asiyeitumia haki hiyo anabaki pale alipokuwa mlima barabara wa zamani: analipa, na wengine wanaamua.