Mwaka Mpya Katika Misitu ya Katavi

Soma kwa ajili ya somo hili: 1 Wafalme 19:1-8, Luka 10:30-35, Wafilipi 3:12-14, Waebrania 11:13, 39, 40.

Msafiri anayetoka Tabora kwa treni kwenda Mpanda, akishaipita Kaliua, huona miyombo saa baada ya saa. Mwezi wa Januari msitu huwa wa kijani kibichi, mito imejaa na njia zina tope. Mwanzoni mwa mwaka 1872 alipita katika misitu ya upande huo mzee mmoja mwenye miguu yenye vidonda, viatu vimechakaa na meno mengi yameng'oka. Alikuwa David Livingstone, daktari na mmisionari kutoka Scotland. Nyuma yake alikuwa ameacha mwaka ambao ungemtosha mtu yeyote kukata tamaa.

Alizaliwa Blantyre tarehe 19 Machi 1813. Akiwa na umri wa miaka kumi alianza kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Baadaye alisomea udaktari, na mwaka 1841 akafika kusini mwa Afrika. Mke wake, Mary, alifariki mwaka 1862 huko Shupanga, kando ya mto Zambezi. Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho, akiwa na nia mbili: kutafuta chanzo cha mto Nile, na kuufichua ulimwenguni uovu wa biashara ya watumwa.

Mwaka 1871 nia zote mbili zilionekana kuvunjika. Mwezi Machi alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya umati uliokuwa na wanawake wengi. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Livingstone aliona kwa macho yake asiweze kuwaokoa. Jambo lililomuumiza zaidi huenda ni hili: kwa miaka kadhaa, kwa sababu ya ugonjwa na umaskini, alikuwa amesafiri na wafanyabiashara wa namna hiyo hiyo na kula chakula chao. Walimtendea wema, naye aliichukia kazi yao. Baada ya Nyangwe hakuweza tena kuendelea nao.

Akageuka kurudi Ujiji. Njiani aliviziwa, na mikuki miwili ikamkosa kidogo tu. Tarehe 23 Oktoba alifika akiwa amekonda mno, akitegemea bidhaa alizoletewa kutoka pwani. Hazikuwepo. Mtu aliyekabidhiwa alikuwa ameziuza zote. Livingstone alijiona kama yule mtu wa Luka 10 aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, ila kwa upande wake hakutazamia Msamaria yeyote.

Siku si nyingi baadaye Susi, mtumishi wake, alikuja mbio kumwambia kwamba Mzungu anaingia mjini. Alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Inafaa kusema wazi kwamba Stanley hakuja kwa ajili ya Injili. Alikuja kutafuta habari, na ukali wake kwa wapagazi aliuandika yeye mwenyewe. Njia ya kawaida kutoka Tabora ilikuwa imefungwa na vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu, hivyo alilazimika kuzunguka kusini, kupitia Ukonongo na misitu ya Ukawendi, ambako msafara wake uliteswa na njaa. Alileta chakula, dawa, nguo na barua. Livingstone, aliyekuwa akila mara mbili tu kwa siku, sasa alikula mara nne, na nguvu zikaanza kurudi.

Soma 1 Wafalme 19:1-8. Eliya aliomba afe. Malaika alimpa nini kwanza, kabla Mungu hajamuuliza anafanya nini mahali pale? Mara ngapi?

Wawili hao walizunguka kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kisha tarehe 27 Desemba wakaondoka Ujiji kwa mitumbwi kuelekea kusini. Mwaka mpya wa 1872 uliwakuta ufukweni. Siku hiyo Livingstone aliandika ombi fupi katika shajara yake, akimsihi Mungu amsaidie kuimaliza kazi yake mwaka huo. Kisha wakaacha ziwa na kuingia msituni kuelekea mashariki.

Si safari ambayo mtu angeichagua kuanzia mwaka mpya. Mvua zilinyesha. Chakula kilipungua, mpaka Stanley alipofanikiwa kuwinda pundamilia na twiga. Stanley mwenyewe alishikwa na homa kali ikabidi abebwe, naye mzee akawa ndiye anayemuuguza aliyekuja kumwokoa. Mwishoni mwa Januari nyuki walimvamia punda aliyenunuliwa kwa ajili ya Livingstone. Badala ya kukimbia, mnyama yule akagaagaa chini, na baadaye akafa. Livingstone akaendelea kwa miguu. Tarehe 18 Februari wakafika Tabora.

Katika mizigo ya msafara huo uliopita Katavi kulikuwa na barua alizoandika Ujiji, zikieleza yaliyotokea Nyangwe.

Stanley alimsihi arudi naye Uingereza apumzike, apate hata meno ya bandia. Lilikuwa shauri jema. Watoto wake hawakuwa wamemwona kwa miaka mingi. Lakini binti yake Agnes alikuwa amemwandikia kwamba, pamoja na hamu yake ya kumwona, angependelea baba aimalize kazi kwanza. Livingstone akabaki. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka na barua, na siku tano baadaye, alipotimiza miaka 59, mzee alijitoa upya kwa Kristo katika shajara yake.

Kisha akangoja miezi mitano. Wapagazi walioahidiwa kutoka pwani walifika katikati ya Agosti, na tarehe 25 akaanza safari, akipita tena upande wa Katavi, safari hii katika jua la Septemba wakati nyasi zimeungua na maji ni haba. Mwaka 1872 ukaisha, kazi haijaisha. Mwaka mpya wa 1873 ulimkuta katika mvua na matope karibu na Ziwa Bangweulu, akitokwa damu. Alfajiri ya tarehe 1 Mei, kijijini kwa Chitambo, watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Kuhusu Nile alikosea. Lualaba ni mto Kongo, kama Stanley alivyothibitisha mwaka 1877. Lakini barua za Nyangwe zilifika London na kusomwa na wengi, nazo zikaongeza shinikizo kwa serikali ya Uingereza ichukue hatua. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Ulichukua miaka mingine mingi.

Livingstone alikuwa amekufa wiki tano kabla. Mwili wake ulikuwa bado bara, mikononi mwa Chuma, Susi na wenzao, wenye safari ndefu ya kuufikisha Bagamoyo, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesikia habari ya Unguja.