Amiri Abdulkadir: shujaa wa Algeria aliyeshika ahadi

Ukilitaja jina la Abdulkadir mbele ya Waislamu wa mwambao wetu, wengi watamkumbuka Sheikh Abdulkadir Jilani, walii wa Baghdad, ambaye tarika yake ya Kadiria ina wafuasi wengi huku kwetu. Leo lakini nakusudia kuwasimulia habari za Abdulkadir mwingine, wa tarika hiyo hiyo, aliyepigana na Wafaransa huko Algeria kwa miaka kumi na mitano.

Watu wamezoea kumsifu Amiri huyu kwa vita vyake, nami sina neno na sifa hizo. Lakini kila nikizirudia habari zake naona kuwa lililomtukuza zaidi si upanga, ni ahadi. Alipambana na dola ambayo mikataba yake haikudumu, naye mwenyewe alipoahidi alitimiza, hata pale ambapo kutimiza kulimtia uchungu.

Alizaliwa mwaka 1808 huko Guetna, karibu na mji wa Mascara, upande wa magharibi wa Algeria. Baba yake, Sheikh Muhyiddin, alikuwa mkuu wa zawia ya Kadiria na mtu mwenye kusikilizwa na makabila. Kijana alihifadhi Kurani, akasoma fikihi na lugha, na akawa hodari wa kupanda farasi. Kabla ya kutimiza miaka ishirini alifuatana na baba yake kwenda Hija. Mbali na Makka na Madina, walifika Dameski, na Baghdad wakazuru kaburi la Sheikh Jilani. Walipita Misri pia, ambako Muhammad Ali Pasha alikuwa akijenga jeshi jipya na viwanda, na mambo hayo kijana aliyatia akilini.

Wafaransa walishuka pwani ya Algeria tarehe 14 Juni 1830, na tarehe 5 Julai mji wa Algiers ukasalimu amri. Utawala wa Waturuki wa miaka mia tatu ulianguka kwa majuma matatu. Katika mapatano ya siku hiyo, Wafaransa waliahidi kuwa dini ya wenyeji na mali zao hazitaguswa. Haikutimia miaka mitatu, Msikiti wa Ketchaoua, mmoja katika misikiti mikubwa ya mji huo, ukageuzwa kanisa. Hiyo ndiyo ahadi ya kwanza, na msomaji aitie kikumbukoni.

Bai'a chini ya mti

Makabila ya magharibi yalibaki bila ya kiongozi. Wazee walimwendea Sheikh Muhyiddin, naye akajiuzulu kwa sababu ya umri wake, akawaelekeza kwa mwanawe. Mwezi wa Novemba 1832, katika uwanda wa Ghriss, walikusanyika chini ya mti mkubwa wakampa Abdulkadir bai'a. Alikuwa na umri wa miaka 24. Jina la sultani hakulitaka. Aliridhika kuitwa amiri.

Februari 1834 Jenerali Desmichels, aliyeshika mji wa Oran, alitia saini mkataba wa amani naye. Mwaka uliofuata, Jenerali Trézel, aliyekuja mahali pa Desmichels, aliyachukua chini ya ulinzi wa Ufaransa makabila mawili ambayo Amiri aliyahesabu kuwa ni raia wake, kisha akatoka na jeshi kumwendea. Walikutana tarehe 28 Juni 1835 kwenye vinamasi vya mto Macta. Njia ilikuwa nyembamba, vilima upande mmoja na matope upande wa pili, na wapanda farasi wa Amiri wakaukatakata msafara wa Wafaransa. Trézel alirudi ameacha mamia ya maiti, na cheo chake kikamponyoka.

Wafaransa walilipiza. Desemba mwaka huo huo Jenerali Clauzel aliingia Mascara na mji ukateketezwa. Julai 1836 Jenerali Bugeaud akamshinda Amiri kwenye mto Sikkak. Lakini Bugeaud huyo huyo alitia saini naye mkataba wa Tafna tarehe 30 Mei 1837, na kwa mkataba huo sehemu kubwa ya nchi ikabaki mkononi mwa Amiri. Ajabu ni kuwa maandishi ya Kiarabu na ya Kifaransa hayakulingana. Wafaransa waliandika kwamba Amiri anaukubali ufalme wa Ufaransa juu ya nchi, na maandishi ya Kiarabu hayakusema hivyo waziwazi.

Katika miaka miwili ya amani, Amiri alijenga dola. Aliigawa nchi katika majimbo manane, kila jimbo likiwa na khalifa wake. Alikusanya zaka na ushuru kwa sheria, akaweka makadhi, akaanzisha jeshi la kudumu, akatengeneza bunduki na kupiga sarafu zake mwenyewe katika mji wa Tagdempt. Si kila Mwislamu aliyemkubali. Mwaka 1838 aliuzingira kwa miezi mji wa Ain Madhi, makao ya Watijania waliokataa kuwa chini yake. Risasi zilizotumika huko zingaliweza kumngojea adui mwingine.

Vita vya moto

Mwezi wa Oktoba 1839 mwana wa mfalme wa Ufaransa alipita na jeshi katika milango ya milima ya Biban, katika ardhi ambayo Amiri aliijua kuwa ni yake kwa mkataba wa Tafna. Amiri hakushambulia kwa hila. Aliwapa Wafaransa habari kwamba amani imekwisha, kisha watu wake wakateremka katika uwanda wa Mitidja.

Mwaka 1841 Bugeaud alirudi, safari hii akiwa gavana mkuu. Aliamua kupigana na chakula cha watu kabla ya kupigana na askari. Majeshi yake yalichoma mavuno, yalipora mifugo, yalikata miti ya matunda na kuzifukua ghala za nafaka zilizochimbwa ardhini. Wanajeshi wa Ufaransa waliongezwa mpaka wakapita 100,000. Mwezi wa Juni 1845, katika milima ya Dahra, Kanali Pélissier aliwasha moto kwenye mlango wa mapango walimokimbilia watu wa kabila la Ouled Riah. Mamia ya wanaume, wanawake na watoto wakafa kwa moshi.

Tagdempt ulipoharibiwa, Amiri aliufanya mji wake kuwa wa mahema. Ulikuwa mji wa kuhamahama wenye maelfu ya watu, mafundi wake, hazina yake na vitabu vyake. Wafaransa waliuvamia tarehe 16 Mei 1843, Amiri mwenyewe akiwa hayupo, na vitabu alivyovikusanya miaka mingi vikatawanyika. Alikimbilia Moroko. Sultani Abdurrahman alimwunga mkono mpaka jeshi lake liliposhindwa kwenye mto Isly, Agosti 1844, kisha kwa mkataba akalazimika kumtupa. Septemba 1845, huko Sidi Brahim, Amiri aliangamiza kikosi cha Kanali Montagnac. Ulikuwa ushindi wake mkubwa wa mwisho.

Lazima niseme habari za mateka. Amiri aliweka kanuni kuwa mateka asiuawe wala asiteswe, na mwaka 1841 alikubaliana na Askofu Dupuch wa Algiers kubadilishana mateka. Hata hivyo mwaka 1846, yeye akiwa mbali, wengi katika mateka waliokuwa kambini mwake waliuawa. Doa hilo limo katika historia yake, na anayempenda asilifiche.

Ahadi ya mwisho

Desemba 1847 alikuwa amebanwa, askari wa Moroko nyuma na Wafaransa mbele, na wanawake na watoto wamechoka. Alisalimu amri kwa Jenerali Lamoricière kwa sharti moja, kwamba apelekwe Alexandria au Akka, akae katika nchi ya Waislamu. Jenerali alikubali, na mwana wa mfalme, duc d'Aumale, aliyekuwa gavana, akathibitisha. Amiri akamkabidhi farasi wake, akapanda meli.

Meli haikwenda Alexandria. Ilimpeleka Toulon, Ufaransa, akatiwa ngomeni, kisha Pau, kisha katika kasri ya Amboise. Alikaa kifungoni karibu miaka mitano. Zaidi ya ishirini katika watu wake, wakiwamo watoto, walifia Amboise na kuzikwa huko kwenye bustani ya kasri. Askofu Dupuch alikuwa miongoni mwa waliomtetea. Oktoba 1852 Louis-Napoléon alimwachilia, naye akaapa kuwa hatarudi Algeria kupigana. Alikwenda Bursa, Uturuki, na mwaka 1855 akahamia Dameski, akasomesha.

Huko ndiko alikotahiniwa. Julai 1860 ghasia zilizotoka milima ya Lebanon ziliingia Dameski, na Wakristo wakawa wanauawa kwa maelfu na nyumba zao kuchomwa. Mtu aliyedanganywa na dola ya Kikristo angaliweza kufunga mlango wake. Amiri alitoka na Waalgeria wake wenye silaha, wakapita vichochoroni wakiwakusanya Wakristo, mabalozi na watawa, wakawaweka nyumbani kwake na wengine ngomeni. Umati ulipofika kuwadai, alisimama mlangoni na hakuutoa hata mtu mmoja. Hoja yake ilikuwa ya sheria. Watu hao wamo katika dhima ya Waislamu, na dhima ni ahadi. Imam Shamil wa Caucasus, naye mpiganaji aliyekuwa mikononi mwa Warusi, alimwandikia kumpongeza.

Mwaka 1871 Algeria iliwaka tena, na mmoja katika wanawe, Muhyiddin, akaenda kupigana. Amiri alimkana. Wako wanaomlaumu kwa hilo mpaka leo, na pia kwa kupokea posho ya Ufaransa. Wasemao hivyo wanaona kuwa kiapo kwa mvunja ahadi si kiapo. Lawama hiyo naielewa, lakini siikubali. Angalivunja kiapo chake mwaka 1871, Wafaransa wangalipata udhuru wa yote waliyoyafanya tangu 1830. Tena mlango ule wa Dameski ulilindwa na mtu yule yule, kwa sababu ile ile. Huwezi kumtaka Amiri wa 1860 ukamkataa wa 1871.

Alifariki Dameski tarehe 26 Mei 1883, akazikwa kando ya Sheikh Muhyiddin Ibn Arabi, ambaye alivipenda na kuvisomesha vitabu vyake. Algeria ilipata uhuru tarehe 5 Julai 1962, miaka 132 kamili tangu Algiers ilipoanguka, na mwaka huo Ketchaoua ukarudi kuwa msikiti. Mwaka 1966 mabaki ya Amiri yaliletwa Algiers na kuzikwa kwa heshima. Alikuwa ameapa kutorudi kwa vita, na hakurudi kwa vita. Mwenyezi Mungu amrehemu.