Mtu wa Miti na Wakulima wa Muguga

Katika barabara ya Kaptagat, mtaani Loresho, yapo makao makuu ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Kazi ya wataalamu wake ni kumtafutia mkulima mbegu na mbinu za kukabiliana na mvua ambazo siku hizi hazina ahadi. Ukiendelea na safari kuelekea magharibi, kupita Kikuyu, utafika Muguga, yaliko makao ya KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu. Yamkini walimu wengi hupita njia hiyo pasipo kujua kwamba Muguga ndiko ilikochezwa, tarehe 22 Julai 1922, ngoma ya miti.

Aliyeiomba ngoma hiyo ni Richard St. Barbe Baker, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1889 katika jimbo la Hampshire, kwa mzazi aliyekuwa na bustani ya miche. Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi alikwenda Kanada, na katika nyanda za Saskatchewan akawaona walowezi waking'oa vichaka ili walime ngano, kisha upepo ukiupeperusha udongo uliobaki uchi. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, akajeruhiwa, kisha akasomea misitu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1920 akaletwa Kenya kuwa msaidizi wa mhifadhi wa misitu.

Alikuta vilima vilivyovuliwa miti. Hapa ndipo wengi wanaosimulia maisha yake hupita mbio, wakimtia mkulima Mwafrika hatiani kwa kufyeka na kuchoma. Ukweli haukuwa mwepesi hivyo. Wakikuyu walizoea kulima kipande cha ardhi, kisha wakakiacha kipumzike, na walipofyeka msitu walibakiza mti mmoja mkubwa hapa na pale, wakiamini kwamba roho za miti iliyokatwa zingehamia humo. Mkuyu nao ulikuwa mti mtakatifu. Utaratibu huo ulivunjika serikali ya kikoloni ilipowagawia walowezi ardhi: mkulima aliyebanwa hana shamba la kupumzisha. Baker mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, jambo lisilofaa kusahauliwa hata tunapomsifu.

Hata hivyo, alifanya jambo ambalo maofisa wenzake hawakulifikiria. Badala ya kutoa amri, aliketi na wazee. Walimweleza kwamba miti ni shauri la Mungu, na kwamba mbegu huanguka zenyewe. Naye alikuwa amegundua kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe na ngoma ya mavuno; basi akauliza kwa nini pasiwe na ngoma ya miti. Siku ilipowadia walikusanyika vijana wapatao 3,000 kambini kwake. Hamsini wakateuliwa kuwa wa kwanza katika chama kilichoitwa Watu wa Miti, wakaahidi kwamba kila mmoja angepanda miche kumi kila mwaka na kuitunza miti popote iwapo. Chifu Josiah Njonjo alisimama naye katika kukianzisha. Bila ya Njonjo na wazee wale, sidhani Mzungu huyo angepata hata watu kumi.

Miche ya mitarakwa na mizeituni ya mwitu ilipandwa katikati ya mazao. Mkulima wa leo anaijua faida yake: mizizi hushika udongo mvua inapomwagika kwa kishindo, majani yaliyooza huhifadhi unyevu jua linapokaza, na kivuli hupunguza joto la ardhi. Lakini si kila mti hufaa kila mahali. Mkaratusi uliopandwa kando ya kijito ni balaa kwa wenye mashamba ya chini.

Inasimuliwa kwamba Baker aliwahi kukinga kwa bega lake pigo ambalo ofisa mmoja alikusudia kumpiga Mwafrika, na kwamba wakubwa hawakupendezwa. Baadaye alihamishiwa Nijeria, akatumikia misitu huko hadi 1929. Kati ya 1952 na 1953 aliivuka Sahara kwa gari, akapendekeza jangwa lizungushiwe miti. Alidhani kwamba wanadamu ndio waliolifanya jangwa hilo, na hapo alitia chumvi. Sayansi inaonyesha kwamba kukauka kwa Sahara kulitokana hasa na mabadiliko ya pepo za mvua maelfu ya miaka iliyopita. Lakini mwaka 2007 Umoja wa Afrika uliidhinisha mpango wa ukuta wa kijani kusini mwa jangwa hilo.

Nchini Kenya, tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, na lengo la taifa ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tumejua kuihesabu miche inayotiwa ardhini. Ahadi ya Muguga ilikuwa na sehemu ya pili, ya kutunza, na hiyo haina siku ya mapumziko. Mwanafunzi anayepanda mche mwezi Novemba hufunga shule baada ya muda mfupi; ni nani hulipwa au huombwa kuumwagilia maji Januari? Mkulima huumwagilia ikiwa anajua kwamba mti ni wake na kwamba hatazuiwa kuukata utakapokomaa.

Baker alirudi Saskatoon, mji wa ujana wake, akapanda mti tarehe 5 Juni 1982, Siku ya Mazingira Duniani. Alifariki tarehe 9 ya mwezi huo, akiwa na umri wa miaka 92.