Hans Memling: Mchoraji wa Hukumu ya Mwisho ambaye kazi yake ilitekwa baharini

HANS Memling alizaliwa Seligenstadt, Ujerumani, katika karne ya 15. Mnamo 1465 aliandikishwa kuwa raia wa Bruges, mji wa biashara ulioko Ubelgiji ya leo. Huko ndiko alikotafutwa na Angelo Tani, Mtaliano aliyewahi kusimamia tawi la benki ya ukoo wa Medici mjini humo.

Tani alitaka picha ya altare itakayopelekwa kwao Italia. Memling alimchorea mbao tatu zilizoungwa kwa bawaba. Katikati, Kristo ameketi juu ya upinde wa mvua, na chini yake Malaika Mkuu Mikaeli, amevaa deraya inayong'aa, anawapima waliofufuka kwa mizani. Kushoto, Mtakatifu Petro anawapokea waliookoka, nao malaika wanawavisha nguo langoni mwa Peponi. Kulia, waliolaaniwa wanaporomoka uchi motoni huku wakisukumwa na mashetani. Kinachotisha zaidi si mashetani hao bali nyuso za binadamu. Kila mmoja ana sura yake, mithili ya jirani unayemfahamu. Wataalamu wengi huamini kuwa aliyemo katika sahani ya waliookoka ana uso wa Tommaso Portinari, mrithi wa Tani katika benki hiyo.

Picha haikufika Italia. Aprili 1473, meli iliyoibeba ilitekwa na Paul Beneke, nahodha wa Danzig, wakati miji ya Hansa ilipokuwa vitani na Uingereza. Papa Sixtus IV aliingilia kati, lakini Danzig haikutikisika. Picha ikawekwa katika kanisa la Mtakatifu Maria mjini humo.

Memling naye aliendelea kustawi. Kufikia 1480 alikuwa miongoni mwa matajiri wa Bruges, na Hospitali ya Mtakatifu Yohana ilimpa kazi kadhaa. Simulizi la baadaye kwamba alikuwa askari majeruhi aliyeuguzwa hospitalini humo, kisha akalipa fadhila kwa brashi, ni porojo tupu. Mkewe, Anna, alifariki 1487 akimwachia watoto watatu. Mwenyewe aliaga dunia Agosti 11, 1494.

Picha ile ilizidi kutangatanga. Jeshi la Napoleon liliipeleka Paris mnamo 1807, ikarejeshwa baada ya kushindwa kwake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ilichukuliwa hadi Leningrad, na ikarudishwa Poland mnamo 1956. Danzig sasa ni Gdańsk, na picha imo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la huko. Hata jina la aliyeichora lilikuwa limesahaulika. Ni katika karne ya 19 ndipo lilipotambuliwa tena kuwa la Memling.