Al-Razi hakumkatia mgonjwa tamaa

Tabibu anayemwambia mgonjwa arudi nyumbani akangoje kufa, amehukumu kabla ya Mwenyezi Mungu. Abubakar Muhammad bin Zakariya al-Razi, mzaliwa wa Rayy, Uajemi, aliongoza hospitali ya mji huo na ya Baghdad. Aliandika risala akikiri kwamba hata tabibu hodari hawezi kuponya kila maradhi. Lakini huyo huyo aliwafunza matabibu wampe mgonjwa matumaini hata wao wakiwa na shaka, kwani mwili hufuata hali ya nafsi. (Wanazuoni walimkosoa kwa fikra zake za dini, vitabu vyake vya tiba walivisoma.) Uzeeni alipofuka, wala hakupona. Alifariki Rayy, takriban mwaka 925.