Abu Raihani Al-Biruni na Hesabu ya Taalii

Katika nchi kavu ya Garissa, wazee wa Kisomali wachungao ngamia huijua nyota moja nyeupe waiitayo Dirir. Mwezi mpevu unapoikaribia nyota hiyo, katika siku za Aprili, wao hutazamia mvua za Gu. Waarabu huiita Simaki, nayo ni manzili ya 14 ya mwezi. Wahindi huiita Chitra, na kwao pia ni ya 14. Mwezi wao wa Chaitra umepata jina kwake kwa sababu ile ile ya mwezi mpevu. Nyota ni moja. Lakini mchungaji huitazama apate kujua wakati wa kuhamisha wanyama wake, na mwengine huitazama apate kutuambia mtoto aliyezaliwa jana ataoa nani na atafilisika lini. Aliyezipambanua kazi hizi mbili kwa elimu ni Abu Raihani Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, na habari zake ndizo tutakazozieleza.

Alizaliwa tarehe 3 Mfungo Tatu mwaka wa 362 wa Hijra, yaani Septemba 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarizmi, ambayo leo imo katika Uzbekistani. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Abu Nasr Mansur, mtu wa ukoo wa kifalme na bingwa wa hesabu. Mwaka 995 vita viliwaondoa wafalme wale, na kijana akakimbia. Alirudi, na mwaka 997 akapatana na Abu'l-Wafa aliyekuwa Baghdad kwamba kila mmoja aupime wakati wa kupatwa kwa mwezi mahali alipo. Tofauti waliyoipata ilikuwa karibu na saa moja, na kwayo wakajua umbali wa miji miwili kutoka magharibi hata mashariki. Tunamwomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwani tutalihitaji.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizmi, akamchukua Al-Biruni hata Ghazna katika nchi ya Afghanistani. Sultani alikwenda India kwa upanga. Mwanachuoni huyu alikwenda kujifunza. Akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40 alisoma Kisanskriti, akakaa na wanavyuoni wa Kihindi, akafasiri kwa Kiarabu kitabu kidogo cha Varahamihira juu ya nyota za kuzaliwa. Kitabu chake juu ya India, alichokimaliza mwaka 1030, kina milango 80, na wa mwisho ni juu ya unajimu wao. Hakuwadhihaki. Alitaka kwanza kueleza wasemalo wenyewe, kisha ndipo ahukumu.

Basi na sisi tufanye hivyo. Mnajimu wa Kihindi hutaka vitu vitatu: tarehe, saa na dakika ya kuzaliwa, na mahali. Buruji ichomozayo mashariki dakika ile ndiyo taalii, nao huiita lagna, na kwayo huanza nyumba 12 za maisha ya mtu. Buruji zote 12 huchomoza katika siku moja, kila moja kwa kiasi cha saa mbili, yaani digrii moja kwa dakika nne. Sasa mtoto akizaliwa Garissa, saa ya ukutani hufuata longitudo ya digrii 45, ilhali mji uko karibu na digrii 39 na theluthi mbili. Saa imelitangulia jua kwa dakika 21 hivi. Asiyezitoa dakika hizo amekwisha kuikosea taalii kwa digrii tano. Na yule aliyezaliwa malishoni, mamake akakumbuka tu kwamba ilikuwa karibu na alfajiri, atahesabiwa vipi?

Kisha hutafutwa mahali pa Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtara na Zohali, na pa vituo viwili ambapo njia ya mwezi huikata njia ya jua, waviitavyo Rahu na Ketu. Wahindi hupima tokea nyota zenyewe. Wazungu hupima tokea pale jua lilipo usiku na mchana unapolingana mwezi wa Machi. Tofauti yao leo ni kama digrii 24, ndiyo maana jua huingia Hamali ya Wazungu tarehe 20 au 21 Machi, na Hamali ya Wahindi kiasi cha tarehe 14 Aprili. Mwisho hutazamwa manzili ya mwezi. Zao ni 27, kila moja digrii 13 na dakika 20, na kwa hesabu yao mashuhuri ya leo kila moja ina mtawala mwenye miaka yake katika umri wa miaka 120. Chitra ni ya Mirihi, mwenye miaka 7. Mwezi ukiwa umekwisha kupita robo ya Chitra, mtoto amebakiwa na robo tatu, yaani miaka 5 na miezi 3 ya Mirihi. Kisha humwingilia Rahu kwa miaka 18.

Mpaka mahali pa mwezi, hii ni elimu, na mtu aweza kutoka nje usiku akaihakikisha kwa macho yake. Lakini nani aliyempa Mirihi miaka 7 na Rahu 18? Jambo hilo halipimwi kwa chombo chochote.

Nasi wa pwani tusiwacheke Wahindi, kwani hesabu yetu ni dhaifu zaidi. Mwenye kupiga ramli hulijumlisha jina la mtu na la mamake kwa abjadi, akagawanya kwa 12. Ali ni 110, Maryam ni 290. Jumla 400, husalia 4, nayo ni Saratani. Basi kila Ali wa Maryam ni wa Saratani, awe amezaliwa Lamu wakati wa kaskazi au Garissa wakati wa mvua. Mbingu hazikutazamwa hata mara moja! Na kwa hesabu hii watu huvunja posa.

Al-Biruni aliutia unajimu katika kitabu chake cha Tafhim cha mwaka 1029, alichomtungia bibi mmoja wa Khwarizmi aitwaye Rayhana. Alianza na maumbo na hesabu, akafuata falaki, kisha astrolabu, na unajimu akauweka mwisho. Akakiri kwamba imani yake katika hukumu hizo ni ndogo kama ya mtu mwenye imani ndogo kabisa. Ni kweli kwamba wafalme walimweka kama mnajimu, na riziki yake ilipitia huko, hatulifichi hilo. Iko na hadithi kwamba alibashiri mlango atakaotokea Sultani Mahmud. Imeandikwa zaidi ya miaka 100 baada ya Sultani kufa, nasi hatuitegemei.

Sultani Masud, mwana wa Mahmud, alipotungiwa kitabu kikubwa cha falaki, husimuliwa kwamba alimpelekea mzigo wa fedha juu ya tembo, na mwanachuoni akaurudisha. Alikufa Ghazna, kwa riwaya mashuhuri mwaka wa 440 wa Hijra, yaani 1048. Yasimuliwa kwamba mwanasheria mmoja alikwenda kumzuru akiwa katika pumzi za mwisho, na mgonjwa akamkumbusha suala la mirathi ya nyanya walilolizungumza zamani. Mgeni alimwonea huruma, akaona si wakati wake. Yeye akashikilia aelezwe, kwani kuiacha dunia akilijua ni bora kuliko kuiacha hali hajui. Basi akaelezwa, akalikariri mpaka akalihifadhi. Mgeni alikuwa bado yumo njiani alipokisikia kilio kutoka nyumbani.