Yidnekatchew Tessema, Mhabeshi aliyeidai nafasi ya Afrika

Kwa fainali za Kombe la Dunia za mwaka 2026, Afrika ilitengewa nafasi 9 za moja kwa moja. Kijana anayetazama mpira kwenye banda la video hapa mpakani anaweza kudhani kwamba nafasi hizo zilitolewa kwa ukarimu wa wakubwa wa FIFA. Sivyo. Mwaka 1966 Afrika haikuwa na hata nafasi moja ya uhakika. Kufika hapa kulihitaji watu wa kusema hapana, na waliosema hapana walilipia. Mmoja wao ni hayati Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia.

Alizaliwa Jimma, kusini magharibi mwa Ethiopia, Septemba 11, 1921. Tuliweke sawa jina lake: Wahabeshi hawana jina la ukoo kama Wazungu. Yidnekatchew ndilo jina lake mwenyewe, na Tessema ni jina la baba yake. Mzee huyo, Tessema Eshete, alikuwa mwimbaji na malenga mashuhuri, miongoni mwa Wahabeshi wa kwanza kurekodi nyimbo zao katika sahani za santuri, huko Ujerumani mwaka 1908.

Mwana hakufuata nyimbo, alifuata mpira. Mwaka 1935 timu ya Saint-George ilianzishwa mjini Addis Ababa, naye akajiunga nayo akiwa bado kijana mdogo. Mwaka uliofuata jeshi la Mussolini liliingia mji huo. Waitaliano walileta ubaguzi hadi uwanjani: weusi walicheza kwao na weupe kwao, na hata Saint-George ilibadilishwa jina. Walipofukuzwa mwaka 1941, timu ikarudishiwa jina lake. Yidnekatchew aliichezea kwa zaidi ya miaka 20, akaichezea pia timu ya taifa, na alikuwa miongoni mwa waliojenga shirikisho la mpira la nchi yake.

Sisi tuliosoma ugenini hatuhitaji kuelezwa sana maana ya miaka ile mitano. Mtoto anayeambiwa kwamba uwanja upo lakini si wake, au kwamba atacheza akikubali kuitwa jina jingine, halisahau jambo hilo hata akiwa mzee. Yidnekatchew hakulisahau.

Februari 1957 alikuwa Khartoum, Sudan, wakati Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipoanzishwa. Nchi waanzilishi zilikuwa nne tu: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Papo hapo yakaandaliwa mashindano ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Makaburu wa Afrika Kusini walikuwa tayari kuleta timu ya weupe watupu au ya weusi watupu, lakini si timu iliyochanganyika. Wenzao wakakataa, na Afrika Kusini ikawekwa kando. Kwa vile Ethiopia ndiyo iliyopangiwa kucheza nayo, ilipita hadi fainali bila kutoa jasho, na huko Misri ikaishindilia mabao 4-0.

Miaka mitano baadaye mashindano yalifika Addis Ababa, na Yidnekatchew ndiye aliyekuwa kocha wa wenyeji. Nchi zilizofika zilikuwa nne, na mojawapo ilikuwa jirani zetu Uganda, waliokuwa wakicheza kwa mara ya kwanza. Misri iliitoa Uganda kwa mabao 2-1, na Ethiopia ikaitoa Tunisia kwa 4-2. Katika fainali ya Januari 21, 1962, Misri ilitangulia mara mbili na mara mbili Ethiopia ikasawazisha. Bao la kusawazisha la pili lilifungwa na nahodha Luciano Vassallo zikiwa zimebaki dakika chache mpira kumalizika. Katika muda wa nyongeza Italo Vassallo, mdogo wake nahodha, alifunga la tatu, na Mengistu Worku akamaliza kazi. Ethiopia 4, Misri 2. Mfalme Haile Selassie mwenyewe alimkabidhi nahodha kombe.

Kocha mwingine angestarehe na sifa hizo, lakini yeye alikuwa na vita nyingine. Mwaka 1964 FIFA ilipanga nafasi 16 za Kombe la Dunia litakalochezwa Uingereza mwaka 1966. Ulaya ilipata 10, ukihesabu na wenyeji. Afrika, Asia na Oceania zikapewa nafasi moja ya kugombania. Wafanyabiashara wa mpakani wataelewa haraka: soko lina meza 16, ukoo mmoja umechukua 10, halafu vijiji vitatu vizima vinaambiwa vigawane meza moja. Yidnekatchew na Ohene Djan wa Ghana waliongoza upinzani. Timu za Afrika zilizokuwa zimejiandikisha zikajitoa, na FIFA ikazitoza faini.

Hapo ndipo palipo na uchungu wa habari hii. Ghana ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1963 na tena 1965. Wachezaji wale walikuwa katika umri wao bora kabisa, na wengi wao hawakuliona Kombe la Dunia maishani mwao ila kama watazamaji. Aliyesusia si lazima awe ndiye atakayevuna. Waliovuna ni wengine: Afrika ilipewa nafasi yake yenyewe kuanzia mwaka 1970, na Morocco ikaenda Mexico. Mwaka 1974 Zaire ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kufika fainali hizo. Ndugu zetu Wakongomani wanakumbuka kipigo cha mabao 9-0 kutoka Yugoslavia. Wakumbuke pia kwamba mlango ule ulifunguliwa na wale waliobaki nje. Tunisia ilipoifunga Mexico 3-1 mwaka 1978, hoja ya Afrika ilipata nguvu zaidi, na kuanzia 1982 nafasi zikawa mbili.

Yidnekatchew alichaguliwa rais wa CAF mwaka 1972 na kubaki hapo hadi kifo chake. Suala la Afrika Kusini hakuliacha. FIFA iliisimamisha nchi hiyo mwaka 1961, rais wake Stanley Rous akairudisha 1963, ikasimamishwa tena 1964. Rous alipogombea tena mwaka 1974, kura za Afrika zilimsaidia João Havelange wa Brazil kumwangusha. Miaka miwili baadaye Afrika Kusini ikafukuzwa kabisa.

Hakuwa mtu wa kupendwa na kila mmoja. Alikataa fedha za matangazo ya pombe na sigara wakati CAF ilikuwa na shida ya fedha. Alipinga pia wachezaji kuuzwa Ulaya, akiona kwamba Afrika itageuka shamba la malighafi, kama inavyouza kahawa na pamba kisha ikanunua bidhaa kwa bei ya mwingine. Katika hili dunia haikumfuata, na wazazi wengi wenye mtoto anayecheza Ubelgiji au Ufaransa watasema heri hivyo. Lakini mtu atazame viwanja vya ligi zetu vikiwa vitupu siku ya Jumapili huku mabanda ya video yakiwa yamejaa, ndipo aamue kama mzee alikosea.

Alifariki dunia Agosti 19, 1987, akiwa na umri wa miaka 65. Hakuiona Afrika Kusini ikirudi mwaka 1992 na timu yenye rangi zote, wala hakuiona ikitwaa Kombe la Afrika mbele ya Nelson Mandela mwaka 1996. Mashindano yaliyoanza na timu tatu kule Khartoum sasa yana timu 24, na yale ya 2027 yalikabidhiwa mwaka 2023 kwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Waalimu wenzangu, siku wanafunzi watakapouliza nafasi hizi zilitoka wapi, tuwatajie jina la Mhabeshi huyu, na tuwaambie pia kuhusu vijana wa Ghana waliobaki nyumbani.